Kutoka Kåfjord Hadi Svalbard: Shajara ya Wiki Moja Chini ya Milima

Jumapili, Tromsø

Idi imepita juzi tu na bado nina visheti kwenye begi, vilivyobaki vya familia moja ya Kisomali waliokulia Mombasa na ambao ndio ndugu zangu wa mji huu. Nje ni nyuzi mbili juu ya sifuri. Mvua ya rasharasha inanyesha juu ya theluji, barabara zimekuwa kioo, na wazee wa hapa wanazivuka kwa viatu vyenye misumari bila hata kutazama chini. Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norway, imepita nyuzi 69 za latitudo kaskazini, lakini bandari yake haigandi kwa sababu maji ya uvuguvugu ya Atlantiki yanafika hadi huku. Joto kidogo la kawaida limekuwepo siku zote. La sasa ndilo geni. Utafiti ulioongozwa na Wafini na kuchapishwa 2022 ulionyesha kuwa tangu 1979 ukanda wa Aktiki umepata joto karibu mara nne ya kasi ya dunia kwa jumla.

Nasoma jiolojia ya majanga. Kilichonisukuma kwenye somo hili ni Mlima Hanang, kwetu Tanzania: tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani mpaka Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Hapakuwa na theluji wala barafu pale. Ila nilitoka na swali ambalo nimekuja nalo hadi huku: mlima ukianza kutoa dalili, dalili hizo zinamfikia nani, na huyo mtu ana mamlaka ya kufanya nini?

Jioni nimekaa na ramani ya mtandaoni ambayo Wanorwe waliifungua kwa umma 2018. Setilaiti hupita juu kila baada ya siku chache, hupiga mawimbi ya rada na kulinganisha na mara iliyopita, hivyo hata ardhi iliyosogea milimita chache inaonekana. Nukta za kijani ni mahali palipotulia, nyekundu panasogea. Nimevuta ramani hadi Kåfjord, mashariki ya hapa. Kijani, kijani, kijani, halafu juu ya bonde la Manndalen doa jekundu kubwa kuliko kijiji kilicho chini yake.

Jumatatu, Lyngen

Vivuko viwili kwa siku moja: Breivikeidet kwenda Svensby, kisha Lyngseidet kwenda Olderdalen. Kwenye kivuko cha pili nimesimama nje mpaka masikio yakafa ganzi. Upande wa magharibi kuna safu ya milima ya Lyngen, mikali na myeupe, inayovuta watu wa kuteleza kwa ski kutoka Ulaya nzima. Upande wa mashariki kuna Nordnesfjellet, mlima wa kawaida kabisa kwa macho. Ungepita mara mia usiutilie maanani.

Sehemu yake iitwayo Jettan imekatika kutoka kwenye mlima na inateremka kuelekea baharini sentimita kadhaa kwa mwaka. Ikianguka yote kwa mkupuo, mamilioni ya mita za ujazo za mwamba yataingia kwenye fiyodi, yaani ghuba nyembamba ya bahari iliyo kati ya milima, maji yatainuka, na mawimbi yatapiga vijiji vya pande zote. Si hadithi ya kutishia watoto. Mwaka 1810 sehemu ya Pollfjellet, mlima wa fiyodi hii hii, iliporomoka na wimbi lake likaua watu 14. Tafjord, kusini zaidi, ilipoteza watu 40 mwaka 1934 kwa namna hiyo hiyo.

Manndalen nimefika jua likizama. Ni nchi ya Wasami (wenyeji wa asili), Wakveni (wenye asili ya Kifini) na Wanorwe waliochanganyika kwa karne nyingi, na nyumba zake karibu zote zimejengwa baada ya 1945. Mwenyeji wangu ameniambia sababu kwa sentensi moja: majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yanarudi nyuma mwishoni mwa 1944 yalichoma kila kitu. Watu walirudi wakajenga pale pale. Juu ya vichwa vyao kuna Gámanjunni, lile doa jekundu la jana, mita za ujazo milioni 26 hivi za mwamba. Kwa dirisha la chumba changu naona kovu lake: kipande kizima cha mlima kimeshuka zaidi ya mita mia kutoka mahali kilipozaliwa, kikaacha ukuta wima nyuma yake.

Jumanne, Kåfjord

Nilikuwa na hamu ya kupanda Jettan. Hakuna kupanda, Machi theluji imefunika nyufa, na kukanyaga ufa usiouona ni kujitafutia. Kwa hiyo siku nzima nimekaa kwenye chumba chenye skrini, na kwa kweli nimejifunza zaidi.

Kuna fimbo za chuma zilizotandazwa juu ya nyufa, upande mmoja zimefungwa kwenye mwamba imara na mwingine kwenye mwamba unaoondoka. Kuna leza, GPS, vipima mwinamo, na vipimajoto vilivyoshushwa ndani ya nyufa. Vyote vinatuma vipimo muda wote. Niliyekaa naye alinifungulia mchoro wa ufa mmoja wa miaka kadhaa. Nilitegemea mstari unaopanda taratibu. Nikaona ngazi. Katikati ya baridi mlima umetulia, theluji ikianza kuyeyuka unaruka, kiangazi kinapoishia na mvua za vuli unaruka tena.

Sababu yake iko ndani ya nyufa. Katika milima hii kuna maeneo ambayo ardhi haijayeyuka kwa miaka na miaka, na nyufa zake zimejaa barafu. Barafu ya baridi kali ni gundi, inashika mwamba na kuzuia maji. Ikikaribia sifuri inalainika kabla hata ya kuyeyuka, na maji yakipata njia yanaingia chini, yanasukuma. Mwamba wenyewe ulikwishalegea tangu barafu kuu ya enzi ya kale ilipoondoka na kuacha kuta za fiyodi bila kitu cha kuziegemeza. Waliopima umri wa ukuta wa Gámanjunni wanakadiria ulianza kusogea miaka elfu kadhaa iliyopita, katika kipindi ambacho nako kulikuwa na joto. Kasi ya sasa imezidi wastani wa maelfu hayo ya miaka.

Nikauliza swali langu la Hanang. Namba zikizidi kiwango, mnampigia nani? Jibu lilikuwa fupi: manispaa na polisi, na polisi ndio wanaohamisha watu. Kila ngazi ya tahadhari ina jina, rangi na mtu wa zamu. Lengo ni watu kuondoka siku kadhaa kabla.

Halafu akanisimulia Veslemannen, mlima mdogo wa Romsdal, mbali kusini. Kati ya 2014 na 2019 watu walio chini yake waliamriwa kuhama mara 16. Mara kumi na sita! Unabeba godoro, paka na dawa za mama mkwe, unarudi, mlima upo. Wapo waliochukia. Tarehe 5 Septemba 2019 usiku ukaporomoka kweli, na hakuna aliyepata hata mchubuko. Mimi nadhani mafanikio makubwa hapo hayakuwa ya rada. Ni kwamba mara ya kumi na sita watu bado walitoka.

Jioni dukani Olderdalen, nikiwa natafuta maziwa, nimesikia sauti nyuma yangu: "We unatoka wapi, mtoto yangu?" Mama wa makamo, kofia ya sufu, kikapu kimejaa viazi. Nikasema Tanzania, shikamoo mama. Akacheka, akasema yeye ni wa Goma, analea wazee hapa. Norway imepokea Wakongo wengi, lakini sikutarajia Kiswahili cha Kivu kando ya samaki wa kugandishwa.

Nikamuuliza kama anajua habari za mlima.

"Najua sana. Hapa banasema mulima itaanguka. Kule Goma 2002, wakati volkano ilipasuka, hakuna mutu alituambia. Tuliona tu moto inashuka, tukabeba batoto, tukakimbia."

"Kwa hiyo hapa huogopi, mama?"

"Naogopa barafu ya barabara, nilianguka na mukono ukavunjika. Ile mulima iko na bazungu banaiangalia usiku na muchana."

Amenilipia maziwa. Nimekataa, akanitazama vile mama wanavyotazama, nikanyamaza.

Jumatano, njiani

Kurudi Tromsø. Kivuko kimechelewa kwa upepo. Sina la kuandika isipokuwa kwamba barabara ya pwani ilifungwa kwa hofu ya theluji kuporomoka, na madereva walizima injini wakatoa chupa za kahawa bila kulalamika, kama watu waliosubiri treni wanayoifahamu.

Alhamisi, Longyearbyen

Kwenda Svalbard ni kwenda Norway huku ukitoka Norway. Kwa mkataba wa 1920 visiwa hivi viko wazi, hakuna viza ya kuishi huko. Lakini viko nje ya eneo la Schengen, hivyo Tromsø unaonyesha pasipoti ukienda na ukirudi. Mwenye pasipoti ya Tanzania asidanganyike na maneno ya "hakuna viza": bila kibali cha kurudi bara utakwama na dubu. Askari ameitazama yangu kwa muda, kisha akaniuliza kama nina soksi za kutosha.

Nyuzi 78 kaskazini, baridi 18 chini ya sifuri, anga bluu. Jua lilikuwa limepotea tangu mwisho wa Oktoba na mji umelipokea mapema mwezi huu kwa sherehe. Nje ya mji kuna kibao cha dubu na maandishi kwamba onyo linahusu Svalbard nzima. Kwenye nyumba ya wageni tunavua viatu mlangoni, desturi iliyobaki tangu enzi za vumbi la makaa. Makaa yenyewe yanaondoka: kituo cha umeme kiliacha kuyachoma Oktoba 2023, kikaingia dizeli, na mgodi wa mwisho wa Wanorwe ukafungwa 2025. Mji uliojengwa na makaa ya mawe sasa unaishi kwa utalii na kwa kupima joto lililoletwa na makaa ya mawe, na wenyeji wanalisema hilo wenyewe kabla hujafungua mdomo.

Ijumaa, Longyearbyen

Ripoti kubwa ya hali ya hewa ya Svalbard iliyotoka 2019 ilihesabu ongezeko la nyuzi 3 hadi 5 kati ya 1971 na 2017. Majira ya baridi ndiyo yaliyobadilika zaidi. Kwenye karatasi hiyo ni namba tu, leo nimezunguka nayo mtaani.

Kwanza nguzo. Karibu hakuna nyumba iliyokaa moja kwa moja juu ya ardhi, nyingi ziko juu ya vigingi. Chini ya mji ardhi imeganda kwa kina cha makumi ya mita, mabondeni hufika mia moja hivi na milimani mamia. Tabaka la juu pekee ndilo linaloyeyuka kila kiangazi, nalo linazidi kuwa nene. Vigingi vya mbao vilivyodumu vizuri ndani ya ardhi kavu iliyoganda vinakutana sasa na maji na hewa, vinaoza. Nimeingia uvunguni mwa jengo moja kwa ruhusa ya fundi. Kigingi cha zamani unaweza kukichoma kwa ufunguo wa nyumba, ufunguo ukaingia. Pembeni yake vipya ni vya chuma, vimezamishwa chini zaidi, na sakafu imenyanyuliwa kwa jeki. Fundi aliniambia bei ya kigingi kimoja, nikaamua kutoiandika maana hakuna atakayeamini.

Halafu makaburi, kwenye mteremko juu ya mji. Vijana saba wa mgodi walikufa hapa kwa mafua ya 1918. Mwaka 1998 wanasayansi walikuja kuyafukua kwa matumaini ya kupata kirusi kilichohifadhiwa kwenye baridi. Majeneza wakayakuta juu juu mno, ndani ya tabaka linaloyeyuka kila mwaka. Kirusi hai hakuna.

Hata hifadhi ya mbegu ya dunia, iliyofunguliwa 2008 ndani ya mlima kwa imani kwamba ardhi ya huku itabaki imeganda, iliingiwa na maji kwenye njia yake ya kuingilia vuli ya 2016. Maji yaliganda njiani, mbegu hazikuguswa. Lakini njia ile ilivunjwa ikajengwa upya kwa zege isiyopitisha maji, kazi iliyokwisha 2019.

Mchana nimekwenda mtaa wa Lia, au tuseme mahali palipokuwa Lia. Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niombe nafasi ya kuja.

Jumamosi ya tarehe 19 Desemba 2015, giza la mchana la majira yale, dhoruba ya mashariki ilikuwa imepuliza usiku kucha na kulundika theluji upande wa pili wa mlima Sukkertoppen, ule unaotazama nyumba. Asubuhi mteremko ukakatika. Nyumba 11 zilisukumwa, baadhi zikapelekwa makumi ya mita zikiwa na watu ndani, wengi wao bado kitandani. Mji mzima ulitoka na mabeleshi. Mtu mzima mmoja na mtoto wa miaka miwili walifariki. Wataalamu walikuwa wameonya juu ya mteremko huo miaka ya nyuma, katika ripoti. Utabiri wa kila siku wa mji, unaosema leo nani ahame, haukuwepo.

Ukaanzishwa. Na Februari 2017 theluji ikashuka tena mlima ule ule, ikavunja majengo mawili ya makazi ambayo watu wake hawakuwa wamehamishwa, kwa kuwa ilikadiriwa isingefika pale. Bahati, hakuna aliyeumia. Baada ya hapo serikali iliacha kubahatisha: nyumba zaidi ya mia moja zikaondolewa, juu ya mteremko zikawekwa safu za uzio wa chuma za kushikilia theluji, chini likajengwa tuta.

Nimepanda juu ya tuta. Upande mmoja mji, watoto wanaburuta vigari vya theluji. Upande mwingine mteremko usio na nyumba. Mama mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa alinyoosha kidole: jikoni kwangu palikuwa pale. Aliishi hapo miaka mingi na theluji haikuwahi kufika hata kwenye ngazi. Nilipomuuliza kama anaona walimhamisha bure, alifikiri kidogo, akasema mume wake anaona hivyo.

Jumamosi, pembeni ya Adventdalen

Skuta za theluji, bunduki moja, bastola ya fataki, na wanafunzi wa chuo cha hapa, UNIS, wanaonizidi mbio na kunipungua miaka. Kazi ya leo ni kuchimba shimo.

Shimo la theluji lina heshima yake. Unachimba mpaka ardhini, unalainisha ukuta mmoja uliomo kivulini, unapitisha kidole kutoka juu kushuka. Juu ilikuwa laini. Chini kidogo kidole kikagonga bamba gumu, la kung'aa, unene wa kidole chenyewe: mvua ya majira ya baridi iliyoganda. Chini ya bamba, tabaka ambalo likiguswa linamwagika. Niliweka chembe zake kwenye kadi nyeusi nikazitazama kwa lenzi. Zina pembe na mistari, kubwa, hazishikani hata kidogo, sawasawa na sukari iliyomwagika mezani.

Hapo ndipo shida ilipo. Zamani theluji ya Svalbard ilikuwa kavu na baridi, watu waliijua. Sasa mvua inaingia katikati ya baridi, inaacha bamba la barafu, na theluji ya baadaye inakaa juu ya bamba hilo bila kushika. Tukakata mchi wa mraba ukutani, nikaweka beleshi juu yake nikalipiga: mara kumi kwa kiganja kinachoning'inia kifundoni, kisha kwa kiwiko. Pigo la kumi na nne kipande chote cha juu kiliteleza kikaangukia magoti yangu, kimekatika laini kana kwamba kwa kisu. Kiongozi wetu alitazama mteremko tuliopanga kuuvuka, akaandika namba kwenye daftari, akasema tunarudi kwa njia ya bondeni. Hakuna aliyebishana.

Njiani tuliona paa wa theluji wa Svalbard (reindeer), wafupi na wanene, wanaparua kwa kwato. Bamba lile lile linawafungia chakula. Januari 2012 ilinyesha mvua kubwa, ardhi ikavikwa barafu, wengi wakafa njaa, na bonde la Vannledningsdalen, linalofunguka katikati ya mji, likatapika mseto wa theluji na maji uliobeba daraja. Bonde hilo lilikwishaua watu watatu mwaka 1953, Juni, wakati wa kuyeyuka. Safari hii ilikuwa Januari.

Jumapili, Longyearbyen

Upepo umegeuka usiku. Kumekucha nyuzi moja juu ya sifuri na kunanyesha. Tahadhari imepandishwa, safari za skuta zimefutwa, ndege yangu haijulikani. Mwenye nyumba, Mthai aliyekaa hapa miaka mingi kuliko Wanorwe wengi, ametupikia supu ya pilipili na kutuambia kila mmoja aache simu yake imechajiwa na yenye sauti. Uamuzi wa kuhamisha watu ni wa Gavana wa Svalbard, akishauriwa na watabiri, na ujumbe huja hivyo.

Nimetumia mchana na mwanafunzi mmoja anayetunza vihisi vya mteremkoni. Ni mlingoti, betri na kidude kinachopiga mawimbi ya sauti kwenda chini na kuhesabu yanachukua muda gani kurudi, hivyo kinajua kina cha theluji na kukituma mjini bila mtu kupanda. Nikamwambia kidude hicho hicho kikining'inizwa juu ya korongo kitapima maji yanavyopanda. Akasema ndiyo, watu hufanya hivyo. Tukachora juu ya karatasi ya supu: paneli ya jua badala ya betri kubwa, kizimba cha nondo ili nyani wasikichezee, laini ya simu.

Nimempigia mwalimu wangu aliyeko Dodoma, mtu asiyependa porojo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa. Saa nane usiku kimepima maji yamepanda. Kitampigia nani?"

"Mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu."

"Amelala. Simu iko chaji kwa jirani."

"Basi mchungaji na muadhini, wote wawili kwa pamoja. Wao wana vipaza sauti."

Amenyamaza kidogo, halafu akaniambia nimtumie bei ya paneli kabla ya Jumatano.